Neno na Jamaa Zake

Kaunta buku lilikuwa jeusi, lenye mgongo mwekundu, na pembe zake zimelika kama kisigino cha kandambili. Mwalimu alilifungua katikati, akalisukuma mezani hadi mbele yangu, kisha akajiegemeza kitini aniache nisome. Ukurasa mzima ulikuwa wa neno moja la Kiingereza: circumspect.

Juu kabisa neno lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa wino wa bluu, na kistari kifupi chini ya silabi ya kwanza kuonyesha pale sauti inapokaza. Chini yake ilifuata sentensi alimolikuta, pamoja na tarehe na jina la gazeti. Halafu neno lilipasuliwa pingili mbili kama muwa: circum, kuzunguka, spect, kutazama. Kushoto, jamaa zake wamepangwa kwa safu: inspect, respect, suspect, prospect, spectator. Kulia, maneno yanayopenda kuandamana nalo. Chini kabisa, Kiswahili. Hapo palikuwa pamekatwakatwa. "Mwenye tahadhari" limekatwa. "Makini" limekatwa. Limebaki moja, limepigiwa mstari mwekundu: mwangalifu.

"Umeona?" aliniuliza. "Mlatini alimwita hivyo mtu anayetazama pande zote kabla ya kutia mguu. Sisi tulichukua kuangalia, tukapata mwangalifu. Watu hawajapata kuonana, lakini wamepita njia moja. Neno ukilijua hivyo, mwanangu, halikutoki tena."

Mwalimu alifundisha Kiingereza sekondari hadi alipostaafu, miaka kumi na minne iliyopita. Anaishi Ngamiani, Tanga. Kaunta buku lile ni la kumi na moja, na kila moja lina kurasa 200. Siku ile nilikwenda kumwamkia tu, nikajikuta nimekaa hadi adhana ya magharibi. Nimekuwa nikirudi tangu hapo, na kila nikirudi nazidi kuamini kwamba kazi anayoifanya, ya kujijengea msamiati wa juu wa Kiingereza neno baada ya neno, ni ufundi kamili kama useremala au kushona kofia kwa mkono. Una vifaa vyake, una taratibu zake, na una makosa ambayo fundi mzuri huyajua kwa kuyatazama tu.

Wengi wetu tulifundishwa vingine. Shuleni kwetu misamiati migumu ilikuwa pambo la insha. Tulikariri orodha, neno upande huu na maana upande ule, tukaimwaga kwenye karatasi ya mtihani. Maana tuliijua, lakini hatukujua neno linaishi wapi. Niliwahi kuandika kwamba bibi yangu alikuwa notorious kwa ukarimu wake, kwa sababu kamusi ndogo niliyokuwa nayo ilisema neno hilo ni "maarufu" na ikaishia hapo. Kumbe huo ni umaarufu wa jambazi, wa mtu anayejulikana kwa ubaya. Nilimvunjia bibi heshima huku nikidhani ninamsifu.

Mwalimu hufundisha kwamba neno halitofautiani na mtu. Kujua jina lake si kumjua. Unamjua ukishajua ametoka ukoo gani, hutembea na nani, na nyumba zipi huingia bila hodi.

Ukoo ndio mlango wa kwanza, na hapa Mswahili ana mtaji ambao hauthamini. Lugha yetu hujenga maneno kwa mizizi. Mtoto wa miaka sita hahitaji kufundishwa kwamba soma, somesha, msomi, somo na kisomo ni ndugu, anayasikia hivyo. Kiingereza nacho, hasa Kiingereza cha vitabuni, kimejengwa kwa mizizi, ila mizizi yenyewe ni ya Kilatini na Kigiriki, ndiyo maana imefichika. Ukiifukua, inafanya kazi kama yetu. Scribe na script zinahusu kuandika. Kwa hiyo describe, inscription na manuscript ni watoto wa baba mmoja, kama vile andika, mwandishi, maandishi na andikisha.

Faida yake huonekana wazi darasani. Watoto wengi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakiingia kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Wanakutana na photosynthesis wakaiona kama mlima. Lakini neno hilo walishalisoma kwa jina la usanisinuru: usanisi ni kuunganisha vitu kuwa kitu kimoja, nuru ni mwanga. Photo ni nuru ile ile, synthesis ni usanisi ule ule. Mwalimu aliwaandikia wanafunzi wake maneno hayo mawili ubaoni, moja juu ya jingine, akachora mishale kutoka kipande hadi kipande. Baada ya hapo photograph haikuhitaji maelezo: ni maandishi ya nuru.

Ukoo hautoshi, na Mwalimu ni wa kwanza kulisema hilo. Maneno huhama. Kwenye kitabu cha nne alinionyesha ukurasa wa meticulous. Mzizi wake ni metus, woga kwa Kilatini. Neno lilianza kwa mtu mwoga, likahamia kwa mtu anayehangaikia vijambo vidogo mno, na leo ni sifa ya fundi asiyeacha hata uzi ukining'inia. Anayejua mzizi peke yake angemwita fundi huyo mwoga. Kwa hiyo chini ya kila mzizi Mwalimu huandika safari ya neno, mstari mmoja au miwili, na pale anapokosa uhakika huacha nafasi.

Baada ya ukoo huja wenzi. Fikiria kupiga. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga magoti. Hakuna aliyetufundisha orodha hiyo, tumekua nayo. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa tu kwamba kupiga ni kuchapa, atashangaa pasi imekosa nini. Sisi tuko katika hali hiyo hiyo mbele ya take. Mwingereza hu-take picha, dawa, kiti, mtihani na ushauri. Kosa hulitengeneza kwa make, lakini jinai huitenda kwa commit. Mvua kwake ni nzito, upepo una nguvu, na chai iliyokolea nayo ina nguvu. Ukisema strong rain ataelewa, ila atajua kwamba neno umelikuta peke yake kwenye kamusi, hukulikuta likitembea na wenzake.

Ndiyo sababu Mwalimu haandiki neno daftarini mpaka alikute kwenye sentensi ya mtu mwingine. Akilisikia redioni hulinakili kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na kusubiri. Likimjia mara ya pili, mahali pengine, ndipo linapata ukurasa na wino.

Jambo la tatu ni nyumba ambamo neno huingia, na hapa historia ya Kiingereza inasaidia sana. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa karne kadhaa wakubwa walizungumza Kifaransa, wakulima wakabaki na lugha yao, na Kilatini kikawa cha kanisa na wasomi. Alama ya utawala ule ipo mezani hadi leo: ng'ombe akiwa malishoni ni cow, neno la mchungaji, nyama yake ikipakuliwa ni beef, neno la bwana aliyekula. Kiingereza kikawa ghorofa tatu. Ask ni ya chini, ya kila siku, yenye asili ya watu wa kale wa nchi ile. Question ilikuja na Kifaransa. Interrogate ni ya Kilatini, na ukiisikia unaona chumba, taa, na mtu aliyekalishwa upande wa pili wa meza.

Hili nalo tunalo nyumbani. Kuuliza ni neno la Kibantu, la jikoni na barazani. Kusaili lina asili ya Kiarabu, nalo limetupa usaili wa kazi. Kuhoji, ndugu wa hoja, nalo ni la Kiarabu, na ndilo la polisi, bunge na mwandishi wa habari. Mtu akisema "mama alinihoji kama nimekula", unajua siku hiyo mama alikuwa na jambo. Anayehisi tofauti hiyo kwa Kiswahili anacho kipimo cha kuihisi kwa Kiingereza. Kinachotakiwa ni subira ya kuuliza, kwa kila neno jipya, linakaa ghorofa gani.

Basi neno limeandikwa. Litabakije? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu, baada ya kujijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kusahau hukimbia sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Kwa hiyo anayerudia jambo mapema, akaongeza muda kidogo kidogo kati ya rudio moja na jingine, hulihifadhi kwa jasho dogo kuliko anayekesha nalo usiku mmoja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza namna ya kuifanya kanuni hiyo kwa sanduku lenye vyumba: kadi ukiikumbuka inasogea mbele, ambako hutazamwa mara chache, ukiisahau inarudi chumba cha kwanza.

Sanduku la Mwalimu ni boksi la viatu. Amelikata vyumba vitano kwa vipande vya katoni, na kadi zake ni za manila, zimekatwa kwa wembe na rula, zote sawasawa. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, kabla ya chai, huchukua kadi za chumba cha kwanza, na za chumba kingine ambacho zamu yake imefika. Nilimwomba nitazame. Upande wa mbele haukuwa na neno wala maana yake. Ulikuwa na sentensi yenye pengo, inayomhusu mtu aliyeombwa mashua, akasitasita, mwishowe akaitoa. Alifumba macho kidogo, akatamka: reluctant. Akaigeuza kadi. Ilikuwa sawa. Nyuma, kwa maandishi madogo, aliandika kwamba neno hilo kwa Kilatini lilihusu kupigana mweleka, kupinga. Mtu anashindana na nafsi yake, ndipo anatoa mashua.

Kadi iliyofuata ilimshinda. Alikaa nayo karibu dakika nzima, midomo ikicheza, kisha akaigeuza, akaisoma kwa sauti mara mbili, akairudisha chumba cha kwanza. Ilikuwa imetoka chumba cha nne, maana yake alikwishaijua kwa miezi. Uso wake haukubadilika. Alishika nyingine.

Kuna mtu mmoja aliyeifanya kazi hii bila sanduku wala mwalimu, na habari yake inastahili kusimuliwa kila mahali vijana wanapolalamika kwamba hawana vitabu. Malcolm X alikuwa mfungwa jimboni Massachusetts, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940. Alitaka kuandika barua, akaona maneno ya mtaani aliyokuwa nayo hayambebi. Katika gereza la Norfolk aliomba kamusi, madaftari na penseli. Hakujua aanze na neno gani, basi akaanza na ukurasa wa kwanza, akaunakili wote kwa mkono, pamoja na alama za uandishi. Ulimchukua siku nzima. Kisha akajisomea kwa sauti kila alichoandika, na kesho yake akaendelea na ukurasa wa pili. Taa zikizimwa usiku alisoma kwa mwanga wa korido, akirukia kitandani kila askari alipopita.

Neno alilokumbuka zaidi kutoka ukurasa ule ni aardvark, mnyama wa Afrika anayekula mchwa. Sisi tunamwita muhanga. Ni mnyama wa usiku, na kazi yake ni kuchimba. Sidhani kuna neno ambalo lingemfaa zaidi mtu yule kuanzia. Alitoka gerezani mwaka 1952, na miaka kumi na miwili baadaye, Oktoba 1964, alifika Dar es Salaam akiwa mmoja wa wasemaji waliosikilizwa zaidi nchini kwake. Nguvu ya ulimi ule ilianza kwa penseli na ukurasa mmoja wa kamusi.

Watu humuuliza Mwalimu maneno mangapi yanatosha. Jibu lipo kwa wale waliohesabu. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yanayobeba sehemu kubwa ya Kiingereza cha kila siku. Mwaka 2000 Averil Coxhead akaongeza koo 570 za maneno ya kitaaluma, yale yanayojirudia katika vitabu vya fani zote, kama analyse na concept. Naye Paul Nation alionyesha kwamba msomaji anayetaka kusoma riwaya au gazeti bila kukwama anahitaji koo 8,000 hadi 9,000. Angalia kwamba wataalamu hawa nao huhesabu kwa koo. Mwalimu huandika kurasa tatu kwa juma, kama 150 kwa mwaka. Kurasa zake zimepita 2,000, na kila ukurasa una jamaa watano au zaidi. Hesabu hiyo hajaifanya yeye. Niliifanya mimi nikiwa kwenye basi la kurudi Dar es Salaam.

Nilipomuuliza Kiingereza kingi namna hiyo ni cha nini kwa mzee anayeishi Ngamiani, alinyanyuka, akaleta kitabu chembamba: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969. "Tazama jina," alisema. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja, merchant. Nyerere aliandika mabepari, wengi. Na bepari ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, ambako ni mfanyabiashara tu. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lile la ujamaa, bepari alikuwa ameshapata maana nyingine midomoni mwa watu: mnyonyaji. Nyerere alilitia neno moja jana na leo yake. Asiyekijua Kiingereza kwa kina asingeona pa kuligusa, na asiyekijua Kiswahili kwa kina asingekuwa na cha kuligusia. Kwa Mwalimu hayo mawili ni kazi moja, na mstari mwekundu wa chini ya ukurasa ndio ushahidi wake.

Siku moja nikiwa pale, mjane mmoja wa mtaani alibisha hodi. Marehemu mumewe alikuwa baharia kwenye meli za kigeni, na kiinua mgongo chake hakijalipwa. Alitaka barua ya Kiingereza kwenda kwa kampuni iliyoko ng'ambo. Alikuja na barua aliyoandikiwa na kijana fulani, imejaa maneno makubwa. Mwalimu aliisoma kimya hadi mwisho, akachukua karatasi mpya.

"Mama, wamekwambia hawalipi?"

"Hawajasema hivyo, Mwalimu. Wamenyamaza tu."

Kwenye barua ya kijana liliandikwa withheld, yaani wamekizuia. Mwalimu alilifuta. "Hilo ni shtaka," alisema, "nasi hatuna ushahidi." Akajaribu delayed, kimechelewa, akalifuta vilevile. "Hilo linawaonea huruma, kana kwamba fedha zipo njiani." Aliweka kalamu chini, akatazama nje barabarani kwa muda. Kisha akaandika outstanding: stahili iliyopo, ambayo bado haijalipwa. Halimtuhumu mtu na halimsamehe mtu. Maneno makubwa mengine yote aliyatoa, akaweka ya ghorofa ya chini. Barua ikawa na mistari tisa. Alimtafsiria mjane neno kwa neno, naye akaitikia kwa kichwa hadi mwisho, akasema, "Hivyo hivyo ndivyo ilivyo."

Kaunta buku kumi na moja zilikuwa rafuni nyuma yake, na barua ile ilitumia neno moja tu kutoka humo. Mtu asiyekuwa nazo asingelipata.

Basi ewe mwanafunzi, mwalimu, karani, au yeyote anayekipenda Kiingereza na kukiogopa kwa pamoja: nunua daftari. Andika humo neno moja ulilokutana nalo wewe mwenyewe, na sentensi ulimolikuta. Litafutie ukoo, litafutie wenzi, uliza linaingia nyumba gani. Kisha lipe Kiswahili chake, na usione haya kukata na kuanza tena. Ukikosa, acha mstari wazi. Mwalimu anazo kurasa ambazo mstari wa chini bado uko wazi, na kila Ijumaa baada ya swala huzifungua na kuzitazama upya.